Utani wa Jadi Ndani ya Simu: Namna ya Kuitania Klabu ya Mpira bila Kumdanganya Jirani

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji wa huduma za mawasiliano ataweza kufanya mambo matatu: kutofautisha chapisho la utani na taarifa ya uongo, kutengeneza utani ambao kila anayeupokea atautambua kuwa ni utani, na kujikinga pale anapopokea tangazo la klabu ambalo hajui limetoka wapi.

Hatuandiki somo hili ili kuzuia kicheko. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo ni la haki. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilianza mwaka 1936, ikapitia jina la Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Kwa takriban miaka tisini wapenzi wa pande hizi mbili wamechekana kazini, sokoni, vijiweni na hata katika nyumba moja. Kilichobadilika ni chombo. Mzaha uliokuwa ukisemwa kwa mdomo, mbele ya watu wanaofahamiana, sasa huandikwa ndani ya picha na kusafiri mpaka kwa mtu asiyemjua aliyeutunga. Somo letu linahusu mabadiliko hayo.

Kwa nini Kibaha na Kisarawe

Mifano ya somo hili tumeiweka Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, kwa sababu ya mahali zilipo. Kibaha iko kwenye Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita arobaini kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kisarawe iko juu ya vilima vya Pugu, upande wa kusini-magharibi wa jiji hilo. Mpenzi wa mpira anayeishi katika miji hiyo yuko karibu na Uwanja wa Benjamin Mkapa kiasi cha kuamua asubuhi kwenda kutazama mchezo wa jioni. Lakini yuko mbali kiasi kwamba akidanganywa, hupoteza nauli, kiingilio na kipato cha siku nzima.

Wakazi hawa hawapiti Msimbazi wala Jangwani kila siku kusikia habari kwenye makao ya klabu. Habari huwafikia kwa simu, na mara nyingi kupitia kundi la WhatsApp la mtaa, la kazini au la waliosoma pamoja. Katika kundi hilohilo hupita tangazo la msiba, bei ya mihogo, dua ya asubuhi, tangazo la kweli la klabu na tangazo la mzaha. Vyote huja kwa umbo moja: picha ndogo yenye maandishi. Msomaji ndiye huachiwa kazi ya kuvitenganisha.

Kanuni za utani wa kale

Kabla ya kuzungumzia simu, tuutazame utani wenyewe. Kisarawe ni nchi ya Wazaramo, na miongoni mwa watani wa Wazaramo wamo Wanyamwezi, ambao misafara yao ya biashara ilishuka kutoka bara mpaka pwani katika karne ya 19. Kutokana na safari hizo, pamoja na kukaribishana, kugombana na kupatana, ulijengeka uhusiano unaomruhusu mtu kumwambia mwenzake maneno ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa tusi. Mtani aliweza kuingia kwenye msiba, akamcheka marehemu, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa wasikasirike. Mtani huyohuyo alishika jembe na kuchimba kaburi.

Uhuru huo ulikuwa na kanuni, ingawa hazikuandikwa popote. Ya kwanza: watani walijuana. Kila aliyekuwapo alifahamu nani ni mtani wa nani, kwa hiyo hakuna aliyelichukua neno la mtani kuwa habari. Ya pili: utani ulikwenda na kurudi. Aliyetania leo alijua kwamba kesho atataniwa. Ya tatu: mtani hakujificha. Alisema maneno yake kwa sura yake na jina lake. Ya nne: utani haukumwondolea mtu riziki yake. Mtani alichukua kuku hadharani, watu wakicheka. Hakuiba kuku usiku na kusema alikuwa akitania.

Mkoa wa Pwani una mfano wa karibu zaidi kutoka kwenye mpira wenyewe. Timu ya Ruvu Shooting, iliyokuwa ikitumia Uwanja wa Mabatini, Mlandizi, wilayani Kibaha, ilikuwa na msemaji wake, Masau Bwire, aliyejulikana nchi nzima kwa tambo zake kabla ya michezo. Neno lake la “kupapasa” liliingia katika midomo ya wapenzi wa timu zote. Timu yake iliposhinda, alitamba; iliposhindwa, walimrudishia neno lake mwenyewe. Hakuna aliyepoteza nauli kwa kumsikiliza, kwa sababu kila mtu alijua ni nani anayezungumza na anazungumza kwa kusudi gani.

Mzaha unapotoka kijiweni

Chapisho la mtandaoni huvunja kanuni hizo bila mtunzi kukusudia. Tuueleze mwendo wake kwa mfano wa kubuni.

Kijana wa Kwa Mathias, Kibaha, anatengeneza picha yenye nembo ya klabu pinzani na maneno haya: “Uongozi umeamua kurudisha nusu ya kiingilio kwa kila shabiki aliyelia uwanjani.” Chini ya picha anaandika kwa mkono wake: “Watani, njooni na vitambaa vyenu.” Katika kundi lake watu thelathini wanacheka, kwa kuwa wanamjua na wanajua timu yake.

Mmoja wao anaipenda picha ile na kuipeleka kwenye kundi jingine. Picha inakwenda, lakini maneno yaliyokuwa chini yake yanabaki. Katika kundi la pili, mtu mwingine anapiga picha ya skrini na kukata ukingo ili ionekane vizuri. Jina la mtunzi linakatika pamoja na ukingo. Katika kundi la nne, mtu asiyejulikana anaongeza mstari mmoja: namba ya simu na maelezo kwamba anayetaka kurudishiwa fedha atume kwanza shilingi elfu mbili za usajili. Jioni, mama anayeuza mihogo Kisarawe, ambaye mwanawe kweli alikwenda uwanjani na kweli alirudi akilia, anatuma elfu mbili.

Tukiulizana ni nani mwenye kosa, jibu la kwanza ni rahisi: ni tapeli aliyeongeza namba. Hata hivyo, tapeli hakutengeneza chombo chake mwenyewe. Aliletewa nembo iliyonakiliwa vizuri, lugha ya kiofisi iliyopangwa vizuri, na ahadi ya fedha. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wapenzi wa timu mbili wakishindana kutengeneza matangazo bandia yanayofanana na ya kweli, anayefaidika ni wa tatu.

Wapo watakaosema kwamba mtu mzima anapaswa kutambua mzaha. Historia haiungi mkono dai hilo. Mwezi Januari 2009, gazeti la The Times la London lilichapisha orodha ya wanasoka hamsini chipukizi, na katika nafasi ya 30 likamweka Masal Bugduv, kijana wa miaka 16 kutoka Moldova aliyetajwa kuwindwa na Arsenal. Mchezaji huyo hakuwahi kuwapo. Mzaha ulianzia Ayalandi, ukaenezwa kwa habari za kubuni katika intaneti, na jina lenyewe linapotamkwa hukaribia maneno ya Kiairishi yenye maana ya “punda wangu mdogo mweusi”. Kama wahariri wa gazeti kubwa, ambao kazi yao ni kuhakiki habari, walimsajili punda, hatuna sababu ya kumcheka muuza mihogo.

Hasara nyingine: ukweli kutoaminiwa

Madhara ya matangazo bandia hayaishii kwa aliyeyaamini. Huwafikia pia wale waliojifunza kutoamini chochote.

Mei 8, 2021, Simba na Yanga zilipangwa kucheza saa 11 jioni. Siku hiyohiyo lilitoka tangazo kwamba mchezo umesogezwa mpaka saa 1 usiku. Yanga walifika uwanjani kwa saa ya awali, kisha wakaondoka. Mchezo haukuchezwa mpaka Julai 3, 2021. Machi 8, 2025, hali kama hiyo ilijirudia: siku yenyewe ya mchezo, Bodi ya Ligi ilitangaza kuuahirisha, na ukaja kuchezwa Juni 25, 2025.

Mpenzi wa Kisarawe aliyepokea tangazo la namna hiyo wakati anavaa jezi yake alikuwa na kila sababu ya kulitilia shaka. Mchezo mkubwa kuliko yote nchini uahirishwe siku yenyewe? Ungemwambia hivyo, angedhani ni kazi ya watani. Lakini ilikuwa kweli. Mtu aliyekwisha kudanganywa mara tatu na picha za mzaha angeipuuza taarifa ya nne, akapanda gari, akafika kwenye mlango uliofungwa.

Kwa hiyo tangazo bandia lililotengenezwa vizuri hukopa kutoka kwenye mfuko wa wote. Kila mara linapoaminiwa, hupunguza imani ambayo tangazo la kweli litaihitaji siku ya haja.

Mpaka uko wapi

Tunapendekeza kipimo kimoja kinachotosha kwa mambo mengi: jiulize, je, chapisho hili linachekesha kwa sababu msomaji anajua si kweli, au linachekesha kwa sababu atadhani ni kweli? La kwanza ni utani. La pili ni udanganyifu ambao mtunzi anaufurahia peke yake, mpaka msomaji atakapogundua.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inapita karibu na kipimo hicho. Kifungu cha 16 kinamhusu mtu anayechapisha taarifa, iwe kwa picha, maandishi au alama, huku akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, na akiwa na kusudi la kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Msomaji atazame maneno mawili katika maelezo hayo: kujua na kusudi. Mtunzi wa utani anajua kwamba aliyoandika si kweli; hilo hawezi kulikana. Kinachomtenganisha na mkosaji ni kusudi lake, na kusudi halionekani kwa macho. Huonekana kupitia chapisho lenyewe. Chapisho lililofanana kwa kila hali na tangazo rasmi humwachia mtunzi kazi ngumu ya kueleza baadaye kwamba hakukusudia mtu yeyote aliamini.

Vifungu vingine viwili vinafaa kukumbukwa. Kifungu cha 15 kinakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na simu ya mkononi imo humo. Kufungua ukurasa kwa jina na picha ya msemaji wa klabu, au ya mchezaji, ili watu wadhani ni yeye, kunaangukia hapo. Kifungu cha 23 kinahusu kumtumia mtu ujumbe kwa kusudi la kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Mchezaji aliyekosa penalti ni mtu. Naye ana simu, mama na watoto wanaosoma.

Maelezo haya ni ya kumwelimisha mtumiaji. Aliyekwisha kuingia katika shauri atafute ushauri wa wakili.

Mambo manne yasiyofanyiwa mzaha wa tangazo

Yapo mambo ambayo hata utani wenye nia njema huleta hasara, kwa sababu anayeyasoma huchukua hatua kabla ya kufikiri.

La kwanza ni fedha: bei za tiketi, kurudishiwa kiingilio, uanachama, jezi za bure, zawadi. Popote penye fedha, tapeli yuko nyuma ya mlango.

La pili ni saa na mahali: kuahirishwa kwa mchezo, kubadilishwa kwa uwanja, kufunguliwa au kufungwa kwa milango. Mtu husafiri au huacha kusafiri kwa neno hilo.

La tatu ni uhai na afya: kifo, ajali, ugonjwa au majeraha ya mchezaji, kocha au kiongozi. Ndugu zake wapo katika makundi hayohayo. Aidha, watu hubadili mikeka yao ya kubashiri kwa habari ya majeruhi, na fedha iliyopotea hivyo hairudi.

La nne ni mwili, familia, dini na kabila la mtu. Hapo pameshatoka kwenye mpira.

Katika mambo mengine uwanja ni mpana. Matokeo, majigambo, historia, vikombe vilivyokosekana, ahadi za usajili ambazo hazikutimia, sura ya mtani siku ya Jumatatu: hivyo vyote ni mali ya utani, na havijawahi kumalizika.

Namna ya kutengeneza utani unaojitambulisha

Hatua ya 1: Anza na jambo la kweli linalofahamika. Utani mzuri hauhitaji kubuni habari. Hulichukua jambo ambalo pande zote mbili zinalijua na kulivuta mpaka lisiwezekane. Mpira wetu una hazina ya kutosha. Simba ilifungwa 5-1 na Yanga Novemba 5, 2023. Yanga ilifungwa 5-0 na Simba Mei 6, 2012, na 6-0 mwaka 1977. Hakuna upande usio na kidonda, na hilo ndilo linaloufanya utani uende na kurudi.

Hatua ya 2: Livute mpaka lisiaminike. Ukisema “klabu imemsajili mshambuliaji mpya”, umetoa habari ya uongo. Ukisema klabu imemsajili mnazi mmoja wa Kisarawe acheze ulinzi, kwa kuwa angalau hautakimbilia mbele na kuacha nafasi, umetania. Chapisho la kwanza linangoja kuaminiwa. La pili halimngoji mtu.

Hatua ya 3: Weka alama ya utani ndani ya picha, katikati, pamoja na maneno yenyewe. Alama iliyo chini ya picha hubaki nyuma picha inapohamishwa, na iliyo pembeni hukatwa. Andika “Utani” au “Mzaha wa watani” kwa herufi zinazosomeka, mahali ambapo mtu hawezi kuziondoa bila kuharibu picha.

Hatua ya 4: Usitumie nembo, karatasi yenye kichwa cha barua, muhuri wala saini. Vitu hivyo kazi yake ni kuthibitisha, na utani hauna haja ya kuthibitishwa. Rangi nyekundu au rangi ya kijani na njano inatosha kumwambia msomaji ni nani anayetaniwa. Anayekusudia kuchapa utani wake kwenye fulana na kuuza ajue kwamba nembo ya klabu ni alama ya biashara yenye mwenyewe, na ruhusa inatakiwa.

Hatua ya 5: Jitaje. Jina la kijiwe, la mtaa au lako mwenyewe humwonyesha msomaji kwamba anasikia sauti ya mtani na si ya ofisi.

Hatua ya 6: Mtu akiamini, sahihisha mara moja. Futa chapisho kwa watu wote, kisha andika mahali palepale kwamba ulikuwa utani. Usimcheke aliyeamini. Kuamini kwake ni taarifa kwako kwamba alama yako haikutosha.

Zoezi

Soma machapisho manne yafuatayo, yote ya kubuni, uamue lipi ni utani na lipi limevuka mpaka. Majibu yako chini yake.

A. “UTANI. Wapenzi wa Simba wa Maili Moja wamekubaliana kuwa kuanzia leo hesabu itakwenda hivi: moja, mbili, tatu, nne, sita. Mtoto akifundishwa vinginevyo shuleni, mzazi aje na barua ya malalamiko. Imetolewa na watani wao wa kijiwe cha jirani.”

B. “MZAHA WA WATANI. Wapenzi wa Yanga wa Kisarawe wanaomba neno ‘ugenini’ lifutwe katika kamusi. Msafiri akiulizwa alikuwa wapi, ajibu kuwa alikuwa nyumbani kwa watu wengine. Ombi hili halina uhusiano wowote na Algeria.”

C. Picha yenye nembo ya klabu, kichwa cha “Taarifa kwa Umma”, tarehe ya leo na saini, inayosema kuwa mchezo wa leo umehamishwa mpaka kesho saa 10 jioni na kwamba tiketi za leo hazitatumika.

D. Picha ya jirani wa mtaani akilia baada ya timu yake kufungwa, yenye maneno kwamba ameuza kitanda cha ndoa ili kulipa dau.

Majibu

A ni utani. Unategemea mabao matano ya Novemba 2023 yanayojulikana na wote, unasema jambo lisilowezekana, una alama na una mwenyewe. Mpenzi wa Simba atakunja uso, kisha atatafuta jibu la mwaka 2012.

B ni utani pia. Katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger hapa nyumbani, ikashinda 1-0 Algeria, na kikombe kikakaa Algeria kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Anayeikumbuka kanuni hiyo atacheka. Asiyeikumbuka hatadhurika, kwa kuwa hakuna hatua atakayochukua.

C imevuka mpaka kabisa. Hakuna ndani yake kitu cha kuchekesha isipokuwa sura ya mtu atakayefika uwanjani kesho yake. Aliyeitengeneza hakutania klabu. Amewatania wenye nauli.

D imevuka mpaka kwa njia nyingine. Hakuna tangazo bandia, wala umma haujadanganywa kuhusu mchezo. Lakini jirani si klabu. Hakuingia uwanjani, hana msemaji wa kumjibia, na maneno kuhusu ndoa yake yatabaki katika simu za watu baada ya msimu kwisha. Kijiweni angejibu mwenyewe palepale. Katika picha hana mdomo. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Unapopokea tangazo usilolijua

Usitume kwa mtu mwingine kabla ya kufanya haya. Tazama kama tangazo hilo lipo katika ukurasa rasmi wa klabu, wa Bodi ya Ligi au wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania. Fungua ukurasa wenyewe. Usitosheke na picha ya ukurasa, kwani picha hutengenezwa. Soma jina la ukurasa herufi kwa herufi, maana kurasa bandia hupishana na za kweli kwa herufi moja au nukta. Tazama tarehe; tangazo la kweli la mwaka jana likitumwa leo ni uongo wa leo. Kisha sikiliza redio au mpigie mtu aliye karibu na uwanja.

Tangazo likiomba fedha, namba ya siri au usajili kwa kutuma kiasi chochote, usitume. Klabu haihitaji namba yako ya siri ili ikurudishie kiingilio. Ujumbe mfupi wa kitapeli upelekwe kwa namba 15040, bila malipo, ili namba iliyoutuma ichukuliwe hatua. Ni vema pia kupiga *106# mara kwa mara na kuhakiki namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ili namba usiyoijua isitumike kutapeli watu kwa jina lako.

Aliyekwisha kutuma fedha ampigie mtoa huduma wake mara moja ili kuomba muamala uzuiwe, kisha atoe taarifa kituo cha polisi akiwa na ujumbe wenyewe kama ushahidi. Asiufute kwa aibu. Aibu ya aliyetapeliwa ndiyo akiba ya tapeli.

Wajibu wa kiongozi wa kundi

Anayesimamia kundi la mtaa ana nafasi ambayo sisi wadhibiti hatuna: anawajua watu wake. Anaweza kukubaliana nao kwamba utani wote uwe na alama, kwamba matangazo ya michezo yatumwe na mtu mmoja aliyehakiki, na kwamba siku ya mchezo mkubwa picha zenye umbo la tangazo zisiingie kabisa. Makubaliano ya namna hiyo hayahitaji kanuni ya serikali. Watani wa kale walikuwa nayo bila karatasi.

Muhtasari

Utani na uongo hutumia maneno yaleyale, na mara nyingine picha ileile. Tofauti yake ni kwamba mtani anataka ujue anakutania. Kwa hiyo, mtumiaji anayetaka kuitania klabu ya mwenzake aiandikie jina lake, aiwekee alama isiyokatika, na aiache fedha, saa, uhai na heshima ya mtu nje ya mzaha. Akifanya hivyo, chapisho lake linaweza kutoka Kibaha likafika Kisarawe na kupita mikono mia, na mtu wa mia moja akacheka kwa sababu ileile aliyocheka wa kwanza.